Wanawake wa Wino wa Bwana Jha

Asubuhi moja ya Januari, Kumud akiwa anachagua mchele kwenye ungo na mama mkwe wake anaota jua penye kona ya baraza, mwanamke wa wino alifungua geti la chuma, akaingia, akaketi kwenye ngazi ya chini kabisa. Nyuma yake aliingia punda, naye wa wino, mgongoni ana furushi la nguo chafu. Katikati ya nguo hizo vilichungulia vipande vya daraja.

Kumud alimtambua mara moja. Alikwisha kumwona katika katuni wakati wa chai, ukurasa wa kwanza wa gazeti la *Dhwani*, chini upande wa kulia, na pembeni sahihi ya mume wake.

"Baba Rinki," aliita bila kuinuka. "Una mgeni."

Vidyanath Jha alitoka na povu la kunyolea ndevu kwenye shavu moja. Alimtazama mgeni, naye mgeni akamtazama. Alikuwa vilevile alivyomchora: pua pana, tumbo mbele, bangili zimejaa mkono wa kulia mpaka kwenye kiwiko, kinywa wazi kama cha mtu anayegombana sokoni. Kwa mbele alikuwa mnene. Alipogeuka kumfukuza nzi, ubavuni alikuwa mwembamba kama ukurasa.

"Nina kiu," mwanamke alisema. "Aji."

"Anasema nini?" aliuliza mama mkwe, bibi Tarini Devi, ambaye sikio lake la kushoto lilikuwa limezibika siku nyingi.

"Maji, Mama. Anataka maji."

Kinywa chake hakikuweza kufungika, kwa kuwa kilichorwa wazi, na herufi zinazotaka midomo ikutane hazikumtoka. Kumud aliliona hilo pale pale. Vidyanath aliliona pia, akafuta povu kwa kiganja.

"Huyu si yule mheshimiwa dobi?" alisema Tarini Devi akikaza macho. "Jina lako nani wewe?"

"Ulati," alijibu mwanamke wa wino. Alijaribu tena. "Ulati Rajak."

"Hata jina lake hajui kulitamka. Ndiyo maana nchi imefika hapa ilipofika. Kumud, mpe maji kwa kikombe kile."

Kikombe kile kilikuwa cha bati, kilikaa juu ya ukuta wa choo cha nje, na alikitumia mfagiaji alipokuja siku za Jumamosi. Kumud alimtazama mume wake.

Ujanani, Vidyanath Jha aliwahi kutia sahihi barua ya kupinga visima vya kutenganisha watu. Alipokuwa chuo kikuu aliuvua uzi mtakatifu wa Wabrahmini, watu wa tabaka la juu kabisa, akakaa bila huo mwaka mzima, mpaka siku ya harusi yake alipouvaa tena ili wazee wasione haya. Watu wa aina zote aliwahi kunywa nao chai, na alipenda kulitaja jambo hilo. Sasa alikumbuka kwamba shavu la pili halijanyolewa. Akaingia ndani.

Aliposimama mbele ya kioo alisikia bati likigonga sakafu ya baraza, halafu maji yakimwagika, maana mtu asiyefunga kinywa hanywi akamaliza.

Mwanamke halisi, Phulmati Rajak, alikuwa waziri mkuu wa jimbo. Alizaliwa katika ukoo wa madobi, tabaka la chini, na hakuna mtu wa ukoo huo aliyewahi kukalia kiti hicho kabla yake. Wiki hiyo daraja la Belghat lilikuwa limeanguka mtoni. Mkataba wa daraja ulitiwa sahihi zamani, enzi za mtangulizi wake, Umeshwar Narayan Singh, bwana wa ukoo mkubwa wenye mashamba, na *Dhwani* lililisema hilo pia, ukurasa wa ndani, chini ya tangazo la mafuta ya nywele. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na kichwa cha habari kilichouliza kama nchi inaweza kuendeshwa kwa akili za mtoni. Chini yake ndiyo ilikuwa katuni ya Vidyanath: Phulmati na punda wake wakilibeba daraja kwenda kulifua.

Katuni ilipendwa. Watu waliipiga picha kwa simu wakatumiana.

Ofisi za gazeti zilikuwa Fraser Road mjini Patna, ghorofa ya pili, juu ya duka la miwani. Katika chumba cha habari walikaa Pathak, Ojha, Tiwari wawili, Mishra, Sinha wa michezo, na Vidyanath Jha. Hawa wote wangeweza kuoana bila wazazi kuuliza swali la pili. Aliyekuwa na jina la namna nyingine alifagia ngazi na kuondoka kabla hawajafika.

Vidyanath alimweleza mhariri, Hariballabh Pathak, habari za mgeni.

"Wa katuni?" Pathak alisema huku akikata kichwa cha habari kwa kalamu nyekundu. "Basi ni wako. Mimi nilidhani angemwendea Ojha, maana yeye ndiye aliyeandika yale maneno ya mto."

"Nifanye nini, Pathak-ji?"

"Kataka nini?"

"Maji."

"Umempa?"

"Amepewa."

"Basi yamekwisha." Pathak aliinua macho. "Kaka, wachoraji hutokewa. Yule aliyekutangulia alikuwa nao uani mpaka alipostaafu. Wa yule waziri mwenye asili ya kinyozi, unamkumbuka? Kila mmoja na wembe wake. Mkewe alizoea, akawa anaanikia nguo kwenye mabega yao. Leo nipe kitu juu ya bajeti."

Vidyanath alimchora Phulmati akipiga pasi bajeti, na moshi unatoka. Punda alisimama pembeni. Kesho yake wakawa wawili barazani, na punda wawili.

Ndivyo ilivyokwenda. Siku za katuni walikuja, siku zisizo na katuni hawakuja. Hawakuingia ndani, wala hawakuomba chochote zaidi ya maji. Walikaa kwenye ngazi, halafu kando ya ukuta, halafu chini ya mpapai, wote sura moja na wote vinywa wazi. Punda hawakula majani. Walikula magazeti, na muuza magazeti akalazimika kulirusha la nyumba hiyo juu kabisa, dirishani, lisije likaliwa kabla ya kusomwa.

Sinha wa ghorofa ya juu, hakimu mstaafu, alikuwa akichungulia kila asubuhi.

"Jha-ji, wa leo kaja na punda au kaja na treni?"

"Na punda, Sinha-ji."

"Ile ya reli ilinichekesha mpaka nikapaliwa. Lakini hawa punda, kaka, wananilia magazeti yangu ya zamani. Nilikuwa nimeyaweka kwa ajili ya kufungia vyombo."

Umeshwar Narayan Singh hakuja kamwe. Naye Vidyanath alimchora mara nyingi. Mpwa wa bwana huyo alipokamatwa kwa wizi wa makaa ya mawe ya serikali, Vidyanath alimchora mzee Umeshwar kama mti mkubwa uliopigwa na radi, ndege wanalia matawini. Asubuhi iliyofuata Vidyanath aliamka mapema akasimama getini kuona kama mti utafika. Haukufika. Watu wa namna ile hawakosi pa kwenda.

Kumud ndiye aliyewazoea kwanza. Alihamisha ungo wake kutoka kwenye kiti akawa anachagua mchele pale ngazini, katikati yao. Nzi walipowasumbua vinywani aliwafukuza kwa ncha ya sari yake. Aliwafuta videvu. Siku moja ya joto, mmoja wao alipoomba maji, Kumud aliingia jikoni akatoka na glasi ya chuma cha pua, mojawapo ya zile alizoletwa nazo alipoolewa, zenye jina la baba yake limechongwa ukingoni. Akaijaza maji ya mtungi.

Tarini Devi aliona. Hakupiga kelele. Alijifunika kichwa, akaingia chumbani kwake, na wakati wa chakula hakutoka. Jioni hakutoka. Samaki wa haradali, chakula alichokipenda, alipoa mezani.

"Mama, kula kidogo," Vidyanath alisema mlangoni.

"Nile kwenye vyombo gani? Mkeo ameshavichanganya."

"Ni wino tu, Mama. Si mtu."

"Kama si mtu, kwa nini anakunywa? Nimekuzaa, nimekusomesha, nimebaki mjane na wewe mgongoni. Niache nife na njaa yangu iliyo safi."

Vidyanath alikwenda barazani. Kumud alikuwa bado ameketi pale, na glasi iko sakafuni baina yake na wale wanawake. Vidyanath alijua ni neno gani lingepaswa kusemwa. Lilikuwa neno fupi, na alikuwa amelisema mara nyingi kwenye mikutano. Aliinama, akaichukua glasi, akaenda nayo mpaka kwenye ukuta wa choo cha nje, akaiweka kando ya kikombe cha bati.

"Ni kwa ajili ya nyumba itulie," alimwambia mkewe.

"Imetulia," Kumud alisema.

Tarini Devi alikula. Na kwa kuwa alikuwa mtu asiyependa kuona mikono imekaa bure, wiki ileile akatoa furushi la nguo za nyumba nzima akalitupa chini ya mpapai.

"Wamekaa tu," alisema. "Na kazi yao wanaijua."

Wanawake wa wino walizifua nguo hizo kwenye pampu. Mtu angedhani zingetoka nyeusi. Zilitoka nyeupe kuliko zilivyowahi kuwa, zimenyooshwa kwa pasi ambayo hakuna aliyeiona. Vidyanath alivaa kurta yake, lile shati refu, kwenda kazini, na huko kila mtu akamwuliza anatumia sabuni gani. Alisema hajui, mambo ya sabuni ni ya wanawake. Siku nzima alisikia harufu ya wino shingoni. Alimwomba Ojha anuse. Ojha alinusa akasema hasikii kitu.

Alianza kukosa usingizi, akaanza kukosa na hamu ya chakula. Kumud hakumgombeza. Alimpakulia, akamwondolea sahani, akamwita Baba Rinki kama siku zote, na lile jina likawa linamwingia kama mwiba wa samaki. Mwishowe aliamua kwenda kuomba radhi.

Siku za Jumatatu waziri mkuu alikuwa akipokea watu wenye shida kwenye ukumbi wa makazi yake. Vidyanath alipanga foleni pamoja nao: mjane mwenye kesi ya shamba, walimu wasiopangiwa shule, mtu aliyekuja na kuku kama ushahidi. Ilipofika zamu yake, katibu alimnong'oneza waziri mkuu, naye akainua macho.

Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwenye miwani, amevaa sari ya pamba isiyo na pambo. Mkononi alikuwa na bangili mbili za glasi. Mezani kwake, mbali na vikombe vya serikali vyenye nembo ya dhahabu, ilikaa glasi ya chuma iliyobonyea upande mmoja. Popote alipokwenda aliibeba glasi hiyo mwenyewe, hata kwenye karamu, na wenyeji wake walimshukuru kimoyomoyo.

"Wewe ndiye Jha wa katuni."

"Ndiye, Mheshimiwa."

"Kaa. Nilidhani ni mzee zaidi. Mkono wako ni wa kizee."

Vidyanath alikaa. "Mheshimiwa, wako nyumbani kwangu. Yaani, wewe. Zile picha."

"Nimeambiwa. Ni wengi?"

"Wamejaa baraza, sasa wako mpaka kwenye mpapai."

"Wanakula?"

"Wao hawali. Punda wanakula magazeti."

Phulmati Rajak alicheka. Alicheka kwa ndani, midomo imefungwa, mabega ndiyo yaliyotikisika. "Nawaonea wivu punda hao. Mimi yananikwama hapa." Alijigusa koo. "Hebu niambie kitu, Jha-ji. Punda umemtoa wapi?"

"Punda?"

"Baba yangu hakuwa na punda. Alikuwa na baiskeli nyeusi, na furushi alilifunga nyuma kwa mpira wa tairi. Mimi nilikaa mbele kwenye bomba la baiskeli. Tulifulia watu wa reli, na maji tulichota bombani. Mto niliuona nikiwa mkubwa. Ulipata kuuliza?"

"Sikuuliza."

"Umeona dobi, ukaona na punda."

"Ndiyo, Mheshimiwa. Nimekuja kukuomba radhi."

"Omba."

Aliomba. Alikuwa amejiandaa na alisema vizuri, kwa maneno ya mtu aliyesoma. Waziri mkuu alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, na alipokuwa anasikiliza kinywa chake kilitulia, kidogo, chenye mkunjo mmoja upande wa kushoto. Vidyanath aligundua kwamba miaka yote ya kumchora hakuwahi kukiona kimefungwa. Picha walizomletea kutoka meza ya picha zilikuwa za kinywa wazi, na yeye hakuomba nyingine. Za mzee Umeshwar zilikuwa za ubavuni, anatazama mbali.

"Nimesikia," alisema Phulmati. "Leo utalala usingizi mzuri. Mimi kesho nitasoma gazeti."

"Kuna jambo moja zaidi. Nilitaka kukuomba uwachukue."

"Nani?"

"Wale. Kwa kuwa ni wewe."

"Mimi ni huyu hapa." Alivua miwani akaifuta kwa sari. "Wale ni uzao wako. Mtoto hatupwi kwa jirani kwa sababu ana sura mbaya, Jha-ji. Walee. Anayefuata!"

Mtu wa kuku akasogea mbele.

Jioni ileile Vidyanath alikaa mezani kwake ofisini akamchora Phulmati Rajak kama alivyomwona. Alichora miwani. Alichora kinywa kimefungwa, na ule mkunjo. Kinywa kilimchukua muda mrefu kuliko punda wote aliowahi kuwachora, kwa sababu mkono wake haukujua njia. Habari ya siku hiyo ilikuwa shule mpya, kwa hiyo alimchora amesimama mlangoni mwa darasa anasoma ubao. Pathak alikuwa Darbhanga kwenye harusi ya mpwa wake, na Mishra aliyekaimu aliipeleka kiwandani kuchapwa bila kuitazama.

Asubuhi yake hakuna aliyefungua geti. Vidyanath alikaa barazani na chai yake mpaka ikapoa. Jua lilipanda, muuza mboga akapita, na hakuna mgeni mpya. Wale wa zamani walikaa mahali pao. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alikula mkate mzima, na kachumbari, na akaomba mwingine. Kumud alimletea, akakaa akimtazama anavyokula.

Ofisini simu zilikuwa zinalia.

"Wasomaji wanauliza huyu mama ni nani," alisema mmoja wa kina Tiwari akiwa ameziba simu kwa kiganja. "Huyu anasema ni mwalimu mkuu wa shule ya watawa. Aliyepita alisema ni mke wa balozi."

Pathak alirudi mchana, bado ana rangi ya harusi kwenye paji la uso. Aliweka gazeti mezani akaliangalia kwa utulivu, kama daktari anavyoangalia ulimi.

"Kazi nzuri," alisema. "Mistari safi sana. Ni nani?"

"Unamjua ni nani, Pathak-ji. Hivyo ndivyo alivyo. Nimemwona."

"Sina shaka. Lakini katuni isiyotambulika ni nini, kaka? Ni picha ya ukutani. Mtu amekaa na chai yake, ana nusu dakika. Unataka aanze kuuliza huyu ni nani? Sisemi umtukane. Nani kakuambia umtukane? Mrudishie punda wake tu, watu wamjue."

"Hakuwa na punda. Alikuwa na baiskeli."

"Baiskeli!" Pathak alicheka kwa mapenzi ya kweli. "Kila mtu ana baiskeli. Hata mimi nilikuwa na baiskeli. Baiskeli inasema nini?"

Vidyanath alifungua kinywa kujibu. Jibu alikuwa nalo. Katika chumba kile walikuwa wakimtazama watu aliokula nao sikukuu, waliolibeba jeneza la baba mkwe wake begani, na mmoja wao ndiye aliyemtafutia Rinki nafasi ya chuo huko Pune. Wote walikuwa na nyuso za watu wema. Akakaa mezani. Punda alimtoka kwa dakika chache tu, masikio kwanza, halafu mgongo, halafu furushi. Kinywa alikifungua mwenyewe kwa mstari mmoja. Mkono ulikuwa unaijua njia.

Kesho yake geti lililia kabla ya chai.

Kumud alishuka ngazi, akamwonyesha mgeni mahali pa kukaa. Kisha akarudi kwenye ungo wake. Hakumwita mume wake kumwambia kwamba ana mgeni, na tangu siku hiyo hakumwita tena kwa ajili hiyo.

Kiangazi kiliisha, mvua zikaja. Wanawake wa wino hawakufutika kwa mvua, ingawa Sinha wa ghorofa ya juu alitumaini hivyo. Uchaguzi ulifika na Phulmati Rajak akashindwa. *Dhwani* liliandika kwamba wananchi wamechoshwa na fujo. Umeshwar Narayan Singh alirudi kwenye kiti, na picha yake ya ubavuni, macho yanatazama mbali, ilichukua nusu ya ukurasa. Phulmati alirudi kwenye wilaya yake na glasi yake. Vidyanath alidhani wale wa nyumbani nao wangeondoka, kwa kuwa aliyewapa sura hakuwa tena habari ya gazeti. Hawakuondoka. Hawakuwa na wilaya. Nguo za nyumba ziliendelea kutoka nyeupe.

Chama cha Phulmati kilichagua kiongozi mpya bungeni, wakili aitwaye Bisundev Sada. Alikuwa mtu mtulivu aliyeshinda kesi kubwa za ardhi, na alizungumza sheria kama mtu anayesoma barua ya nyumbani. Alitoka kwa Wamusahar, watu ambao wengine husema juu yao kwamba wanakula panya, na wakishasema hivyo huona wamemaliza kusema. Siku ya hotuba yake ya kwanza alisimama saa nzima akaichambua bajeti ya mzee Umeshwar kifungu kwa kifungu, bila karatasi mkononi.

"Hotuba kali," Pathak alimwambia Vidyanath. "Yule bwana ana kichwa. Mchore."

"Nimchore vipi?"

"Na koti lake la uwakili, na vitabu. Mpe heshima yake, asije mtu akasema sisi tuna upendeleo." Alirudi kwenye kalamu yake nyekundu. "Na panya. Mmoja tu, mdogo, anachungulia mfukoni. Msomaji ataelewa."

Vidyanath alisema kwamba hilo la panya si lazima.

"Si lazima," Pathak alikubali. "Ila bila yeye ni wakili tu. Patna ina mawakili wangapi?"

Vidyanath alichora koti. Alichora vitabu kwa uangalifu, hata majina yake migongoni. Ilipofika kwenye mfuko alikaa muda mrefu, mpaka Ojha akamwuliza kama anaumwa. Halafu akamchora panya. Alimchora mdogo kuliko alivyoagizwa, pua na masharubu tu, na njiani kwenda nyumbani alijikuta anafikiri kwamba kwa kumfanya mdogo vile amemtendea yule bwana wema. Fikra hiyo alitembea nayo mpaka kona ya duka la dawa. Hapo ikamporomokea, akaona alikuwa anajidanganya, akasimama kando ya barabara, mkono kwenye nguzo ya umeme, watu wakimpita. Wangedhani amepatwa na kizunguzungu. Baada ya muda aliendelea na safari. Hakurudi ofisini kumfuta panya, ingawa gazeti lilikuwa bado halijakwenda kiwandani na alilijua hilo.

Asubuhi aliamka kabla ya wote. Alikoga, akavaa kurta iliyofuliwa, akatoka barazani. Baraza lilikuwa limejaa, na upande wa mpapai palikuwa pamejaa pia.

"Tafadhalini," alisema. "Sogeeni kidogo."

Walisogea. Wale wa ukutani waliwavuta punda wao, na pakapatikana nafasi ndogo karibu na ngazi, ya kumtosha mwanamume mmoja mwenye vitabu. Vidyanath aliipangusa kwa mkono. Kisha akaenda akaliondoa komeo la geti, akalifungua wazi kabisa ili mtu mwenye mikono iliyojaa asipate taabu ya kulisukuma, akasimama pale akimngoja.